Istilahi za Kupimia Lishe ya Wazee Vijijini

1. Utangulizi

Makala hii yakusudia kueleza istilahi zitumikazo, na zile ambazo zingefaa kutumika, katika kazi ya kupima mahitaji ya lishe ya wazee waishio vijijini. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza jambo hili lina uhusiano gani na lugha, maana kazi yenyewe ni ya waganga na maafisa lishe. Jibu ni kwamba mizani na utepe havitoshi. Sehemu kubwa ya upimaji wa lishe ya mtu mzima hufanywa kwa maswali: umekula nini, je, hamu ya kula imepungua, waweza kutafuna, nani hukupikia. Swali likitafsiriwa vibaya, jibu litolewalo huwa ni la swali jingine, na mtu mwenye njaa huandikwa kuwa ameshiba.

Lugha yetu haikuanza jana kushughulika na elimu ya lishe. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Hata hivyo, kwa miaka mingi juhudi za lishe zilielekezwa kwa mama na mtoto, na ndivyo ilivyostahili. Matokeo yake ni kwamba msamiati wa lishe ya mtoto umestawi: tunayo maneno unyafuzi, nyongea, udumavu na mengineyo, na kila mama aendaye kliniki anayaelewa au amepata kuyasikia. Msamiati wa lishe ya mzee bado ni haba. Mara nyingi maneno ya mtoto huvikwa mzee, nayo humbana au humpwaya.

Haja ya kusahihisha hali hiyo ni kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 5.6 ya watu wote, na wengi wao waliishi vijijini. Watu hao hupimwa kwa madodoso ambayo asili yake si Kiswahili. Dodoso lijulikanalo sana duniani kwa kazi hii liliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wataalamu wa Ufaransa, Uswisi na Marekani. Lina maswali 18 na jumla ya alama 30. Apataye alama 24 au zaidi huhesabiwa kuwa na lishe ya kuridhisha. Aliye kati ya 17 na 23.5 yumo hatarini; aliye chini ya 17 ana upungufu wa lishe. Toleo lake fupi, lililotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2009, lina maswali 6 na alama 14. Ni dhahiri kwamba katika dodoso la maswali 6, neno moja lililokosewa laweza kumhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine.

2. Mzee ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Fasili hiyo ni wazi na inafaa kwa kazi ya serikali. Lakini neno mzee, kabla ya kuwa istilahi, lilikuwa na bado ni neno la watu wote, nalo lina maana zisizopungua nne. Mzee ni mtu aliyeishi miaka mingi. Mzee ni mzazi, kama mtu asemapo "wazee wangu wako nyumbani". Mzee ni kiongozi au mwenye kauli katika jamii, kama tusemapo baraza la wazee. Tena mzee ni neno la heshima tu, ambalo mtu wa miaka 45 mwenye cheo huitwa kila siku.

Sasa tufikirie barua ipelekwayo kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji ikisema: "Tafadhali waite wazee wa kijiji siku ya Jumatano ili wapimwe." Mtendaji ataielewa barua hiyo kwa maana ya tatu, kwa kuwa ndiyo maana ya maneno "wazee wa kijiji" katika shughuli zake za kila siku. Siku ya Jumatano watakuja wanaume wenye nguvu ya kutembea, wenye mashamba na wenye kusikilizwa. Mjane wa miaka 78 alalaye katika kibanda nyuma ya nyumba ya mwanawe hataitwa, wala hatakuja. Taarifa itakayoandikwa itasema kuwa hali ya lishe ya wazee katika kijiji hicho ni nzuri, na hakuna atakayeweza kuipinga, kwa sababu kila takwimu iliyomo ni sahihi.

Kwa hiyo haifai kulitupa neno mzee, maana ni neno la heshima ambalo wenyewe hulipenda. Linalofaa ni kulifungia umri wake kila litumikapo katika nyaraka za upimaji, na kuongeza maneno yaondoayo shaka: "watu wote, wake kwa waume, waliotimiza umri wa miaka 60, wakiwamo wasioweza kutoka ndani". Maneno hayo ni marefu, lakini urefu wake una faida. Kadhalika pasitumike katika fomu maneno kama ajuza, shaibu au kikongwe. Ni maneno halali ya Kiswahili na yana nafasi yake katika fasihi, lakini mbele ya mhusika huweza kuwa dharau.

Ifahamike pia kwamba mpaka wa umri hubadilika kufuatana na kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wilayani Karagwe uliwashughulikia watu wa miaka 50 na zaidi. Mfasiri asidhani kuwa "mzee" wa taarifa moja ndiye "mzee" wa taarifa nyingine. Yampasa atazame fasili kabla ya kulinganisha.

Na pale ambapo mtu hajui mwaka aliozaliwa, mhoji hutumia matukio yanayofahamika na wote. Yeyote aliyekwisha kuzaliwa wakati wa Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, au wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, leo amekwisha kutimiza miaka 60. Orodha ya matukio hayo yafaa iandikwe pamoja na dodoso, na kila wilaya iongeze matukio yake yenyewe.

3. Mahitaji, hali, na tathmini

Neno linalotuletea shida kubwa kuliko yote ni mahitaji. Katika elimu ya lishe, hitaji ni kiasi cha kirutubishi fulani ambacho mwili hauna budi kukipata kila siku ili uendelee kuwa na afya. Ni jambo la mwili, na mwenye mwili huenda asilijue kabisa. Lakini katika lugha ya kawaida, mahitaji ni vitu ambavyo mtu anavitaka au anapungukiwa navyo nyumbani: chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa. Mzee aulizwapo "Una mahitaji gani ya chakula?" hujibu sawasawa kabisa kwa kutaja vitu vya dukani, na tena hupata tumaini kwamba vitaletwa. Mhoji aondokapo asirudi, mzee huona amedanganywa. Mwaka unaofuata mhoji mwingine ajapo, mzee huyo hana tena jibu la kumpa.

Tunapendekeza basi kwamba istilahi iwe mahitaji ya lishe katika maandishi ya kitaalamu tu, na kwamba neno hilo lisiingie katika swali aulizwalo mzee. Mahitaji ya lishe hayaulizwi. Hukadiriwa kwa kutumia uzito, umri, maradhi na kazi za mtu. Kinachoulizwa ni ulaji wake.

Tutofautishe pia dhana nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Hali ya lishe ni jinsi mwili ulivyo sasa kutokana na chakula na afya. Uchunguzi wa awali ni maswali machache ya kuwatambua wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Upimaji ni kazi ya kupata tarakimu: kilo, sentimita, gramu. Tathmini ni hukumu itolewayo baada ya kuunganisha tarakimu hizo na habari za maisha ya mtu. Anayeandika kuwa "wazee 40 walifanyiwa tathmini" ilhali walipanda mizani tu, ameandika jambo ambalo halikufanyika.

Neno utapiamlo nalo lahitaji uangalifu. Katika masikio ya watu wengi, utapiamlo ni ugonjwa wa mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu. Mtendaji akiombwa orodha ya wenye utapiamlo, ataleta orodha ya watoto. Tena wataalamu wa leo hulitumia neno hilo kwa pande mbili, yaani upungufu na vilevile unene uliozidi. Kwa hiyo kwa mzee aliyepungukiwa, istilahi sahihi ni upungufu wa lishe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni lile la kiasi cha chakula. Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyozeeka na kupunguza kazi za nguvu, mwili wake huhitaji nishati kidogo zaidi. Lakini hitaji lake la protini, madini na vitamini halipungui kwa kadiri hiyo. Taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 iliweka kiwango cha protini kwa mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Jopo la wataalamu lililotoa maoni yake mwaka 2013 lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 65. Kwa mwanamke mwenye uzito wa kilo 45, hiyo ni tofauti kati ya gramu 37 na gramu 45 hadi 54. Mfasiri anayeandika kwa ufupi kuwa "mzee anahitaji chakula kidogo" ametoa ruhusa ya kumpunguzia mzee kitoweo. Iandikwe hivi: "Mzee huhitaji nishati kidogo zaidi, lakini virutubishi vyake visipungue."

Hali kadhalika, tangu zamani shule zetu zimefundisha kuwa kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kuulinda mwili. Mgawanyo huo ulisaidia sana, na watu wanaukumbuka. Lakini kwa mzee una kasoro moja. Mtu akisikia kwamba samaki, maharage na mayai ni vyakula vya kujenga mwili, hufikiri kwa haki kabisa kuwa mwili wa mtoto ndio unaojengwa, na wa babu ulikwisha kujengwa zamani. Kumbe misuli ya mzee hupungua kila mwaka na huhitaji kutengenezwa. Katika vijitabu vinavyohusu wazee, yafaa pasemwe vyakula vya kujenga na kutunza mwili.

4. Maneno ya jikoni

Dodoso tulilolitaja huuliza mtu anakula milo mingapi iliyo kamili kwa siku. Tafsiri inayojitokeza haraka ni "Unakula milo kamili mingapi?" Lakini katika elimu ya lishe ya Tanzania, mlo kamili ni istilahi yenye maana yake: ni mlo wenye vyakula vya makundi yote kwa uwiano unaofaa. Swali la asili halikusudii hayo. Lakusudia mlo halisi, ulio mkubwa kuliko vitafunio. Muuguzi aliyefundishwa vizuri atahesabu milo kamili kwa maana ya darasani na kuandika sifuri; muuguzi mwingine atahesabu kila sahani na kuandika tatu. Tunapendekeza mlo mkuu kwa dhana hiyo, na mlo kamili ubaki na maana iliyokwisha kusanifishwa.

Neno chakula lenyewe halina maana moja. Kwa watu wengi chakula ni ugali, wali, ndizi au kile kingine kilicho chakula kikuu cha mahali hapo. Chai na muhogo wa kuchemsha, uji wa asubuhi, au embe aliloliokota mjukuu havihesabiwi. Mzee husema "Jana sikula chakula" ingawa alikunywa uji mara mbili. Na mwingine husema "Nimekula" ingawa ugali wake haukuwa na kitoweo. Swali lililo bora ni lile lifuatalo mwendo wa siku: "Tangu ulipoamka jana mpaka ulipolala, ulikula na kunywa nini?"

Mboga huleta utata mwingine. Sehemu nyingi za bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, iwe nyama, dagaa, maharage au mchicha. Pwani na Visiwani, dhana hiyo huitwa kitoweo. Swali la dodoso kuhusu matunda na mboga likiulizwa bara bila kufafanuliwa, mzee aliyekula dagaa atajibu kuwa amekula mboga, na alama yake itaingia mahali pasipo pake. Istilahi iwe mboga za majani na matunda, na nyama, samaki na maharage viulizwe kila kimoja kwa jina lake.

Kwa habari ya maji, dodoso huuliza vikombe vya vitu vya majimaji anavyokunywa mtu kwa siku: chini ya 3, 3 hadi 5, au zaidi ya 5. Tafsiri iliyozoeleka ni vinywaji. Lakini vinywaji, kwa wengi, ni soda na pombe. Bibi mcha Mungu akiulizwa anakunywa vinywaji vingapi kwa siku atakasirika, na ana haki. Pasemwe "maji, chai, uji mwepesi, maziwa na kadhalika", tena kikombe chenyewe kionyeshwe.

Mwisho, wafasiri wajihadhari na jozi mbili zinazofanana. Kirutubishi ni kitu kilichomo ndani ya chakula kinacholisha mwili, kama vile protini au madini ya chuma. Kirutubisho ni kitu kinachoongezwa ili kuimarisha lishe. Uhakika wa chakula ni hali ya watu kuweza kupata chakula cha kutosha wakati wote. Usalama wa chakula ni hali ya chakula kutokuwa na sumu wala vijidudu. Kijiji chaweza kuwa na kimoja kikakosa kingine.

5. Vipimo vya mwili

Kipimo kinachojulikana zaidi huitwa kwa kawaida uwiano wa uzito na urefu. Jina hili ni rahisi, lakini linaficha jambo moja: urefu hauna budi kuzidishwa kwa wenyewe kabla ya uzito kugawanywa. Mtu mwenye kilo 50 na urefu wa mita 1.5, akikokotolewa kwa jinsi jina linavyosema, atapata 33.3 na kuitwa mnene kupita kiasi. Akikokotolewa inavyotakiwa, yaani 50 kwa 2.25, atapata 22.2, nayo ni hali ya kawaida. Kwa kuwa jina limekwisha enea, libaki. Lakini kila fomu iandike kanuni yake chini ya jina.

Kwa mzee pana tatizo zaidi. Mgongo hupinda na urefu hupungua. Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye kilo 45 ambaye urefu wake halisi ni sentimita 160. Uwiano wake ni 17.6, chini ya 18.5 ambayo ndiyo mpaka wa ukondefu kwa mtu mzima. Lakini kwa mgongo uliopinda, akisimamishwa ukutani hupimwa sentimita 150, na uwiano wake huonekana kuwa 20.0. Mgongo umeuficha ukondefu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hupima umbali kutoka kwenye kishimo cha shingo, juu ya kifua, hadi pachipachi iliyo kati ya kidole cha kati na cha pete, mkono ukiwa umenyooshwa ubavuni. Kisha urefu hukadiriwa: kwa wanawake, umbali huo kwa sentimita huzidishwa kwa 1.35 na kujumlishwa 60.1, kwa wanaume huzidishwa kwa 1.40 na kujumlishwa 57.8. Mwanamke wa mfano wetu, akiwa na umbali wa sentimita 74, hupata sentimita 160.

Kipimo hiki kiitweje? Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutuelekeza kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, na baadaye katika lugha nyingine. Safari hii hatuna haja ya kwenda mbali. Kiswahili kina neno pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambalo wavuvi na mafundi wamelitumia kwa karne nyingi kupimia kamba, nguo na kina cha maji. Twapendekeza nusu pima. Tahadhari moja ni lazima: pima ya asili hufika kwenye ncha za vidole, na nusu pima ya kitaalamu huishia pachipachini. Tofauti hiyo iandikwe ndani ya fasili, la sivyo urefu wa watu wote utazidi. Neno hili lina faida moja kubwa: wazee wenyewe wanalijua, na mhoji akisema "Bibi, naomba nipime nusu pima yako", haelezi jambo geni.

Kipimo kingine ni cha unene wa mkono kwa utepe. Nyaraka nyingi huandika mzunguko wa mkono. Mzunguko ni mwendo wa kitu kinachozunguka, kama mzunguko wa damu. Urefu wa kulizunguka umbo la mviringo, kama tufundishavyo katika hesabu, ni mzingo. Aidha mkono huanzia begani hadi vidoleni, hivyo pasipoelezwa, mtu aweza kupima kigasha. Istilahi iwe mzingo wa mkono wa juu. Kwa wazee, mzingo ulio chini ya sentimita 21 hutumika kuonyesha upungufu wa lishe, na ulio chini ya 18.5 huonyesha upungufu mkali. Hapa tena maneno ya mtoto humdhuru mzee: katika utepe wa rangi wa watoto, kijani huanzia sentimita 12.5. Mzee mwenye mkono wa sentimita 20 akipimwa kwa utepe huo atasomwa "kijani", yaani salama, na kupelekwa nyumbani.

Kwa asiyeweza kupanda mizani, hupimwa mzingo wa shavu la mguu. Mpaka wake katika dodoso fupi ni sentimita 31. Kamusi zina pia neno tafu, lakini shavu la mguu linaeleweka na wengi zaidi. Tena hupimwa nguvu ya mshiko, yaani nguvu ya kiganja kinapokamata na kukaza. Utafiti mwingine juu ya wakimbizi wazee wa Karagwe, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha uhusiano kati ya lishe duni na udhaifu wa mshiko. Hilo si jambo dogo kwa mkulima: asiyeweza kushika jembe na kubeba ndoo hana njia ya kujipatia chakula, na ukosefu wa chakula humzidishia udhaifu.

6. Adabu ya swali

Istilahi sahihi haitoshi ikiwa swali lina kasoro ya adabu. Neno lishe limetokana na kitenzi lisha, na kitenzi hicho kina watu wawili ndani yake: anayelisha na anayelishwa. Wanaolishwa, katika mazoea ya lugha, ni watoto wachanga na mifugo. Dodoso huuliza kama mtu anakula mwenyewe au anasaidiwa. Kumwuliza baba mwenye wajukuu "Je, unalishwa?" ni kumtukana, naye atajibu "La" hata kama kila jioni binti yake humtia tonge mdomoni. Pasemwe: "Shikamoo babu. Wakati wa kula, kuna mtu anayekusaidia?"

Vivyo hivyo kwa kitenzi konda. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kumebeba tuhuma. Mzee hatakiri kwa urahisi kuwa amekonda, na wenye nyumba hawatapenda aseme. Tena wengi hawana mizani, hivyo swali la kilo ngapi zimepungua kwa miezi 3 halina jibu. Njia iliyo bora ni kuuliza mambo yanayoonekana: nguo zimelegea? pete au bangili inavuka yenyewe? Na miezi 3 itajwe kwa majira: tangu masika, tangu mavuno.

Kwa magonjwa ya akili na kumbukumbu, wahoji wasitumie wazimu wala kurukwa na akili. Huzuni ya kudumu iondoayo hamu ya kula na kuishi huitwa sonona, neno lililokwisha pokelewa. Kwa maradhi ya uzeeni yanayoharibu kumbukumbu na fahamu, twapendekeza upotevu wa kumbukumbu katika mazungumzo na mzee na jamaa zake.

Wazee wengi hujibu kwa lugha zao za asili, na mkalimani ni mjukuu au jirani. Swali hutoka lugha ya kigeni, likaja Kiswahili, kisha likaenda Kigogo, Kisukuma au Kimakonde papo hapo, bila maandishi. Kiswahili ndicho daraja. Neno la Kiswahili lenye maana mbili litavushwa kwa maana aitakayo mkalimani. Kwa hiyo kila dodoso lifanyiwe tafsiri rejeshi: mtu wa pili, asiyeliona la asili, alirudishe katika lugha lilikotoka, kisha hayo mawili yalinganishwe.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Hali ya lishe: jinsi mwili ulivyo kutokana na chakula na afya.
Mahitaji ya lishe: kiasi cha nishati na virutubishi ambacho mwili hauna budi kukipata.
Uchunguzi wa awali: utambuzi wa haraka wa walio hatarini.
Tathmini ya lishe: hukumu itokanayo na vipimo, ulaji na maisha ya mtu.
Upungufu wa lishe: hali ya mwili kukosa nishati au virutubishi vya kutosha.
Mlo mkuu: mlo halisi wa siku, usio kitafunio.
Mlo kamili: mlo wenye makundi yote ya vyakula.
Nusu pima: umbali kutoka kishimo cha shingo hadi pachipachi ya kidole cha kati na cha pete.
Mzingo wa mkono wa juu: urefu wa kuuzunguka mkono katikati ya bega na kisukusuku.
Mzingo wa shavu la mguu: urefu wa kulizunguka shavu la mguu palipo panene zaidi.
Nguvu ya mshiko: nguvu ya kiganja kinapokaza.
Ukondefu wa misuli: kupungua kwa misuli na nguvu zake kwa sababu ya uzee.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba makosa mengi katika upimaji wa lishe ya wazee hayatokani na uhaba wa maneno. Yanatokana na maneno mazuri ya Kiswahili kupewa kazi mbili kwa wakati mmoja: mzee, mahitaji, mboga, mlo kamili. Kazi ya mfasiri ni kutambua neno lina maana gani jikoni na lina maana gani ofisini, kisha kuchagua. Walimu wanaombwa kuyafundisha maneno haya kwa maana zilizofasiliwa, na watumishi wa serikali kuyatumia katika barua na fomu zao.

Wasomaji wenye majina mengine ya vipimo na vyakula, hasa kutoka lahaja na lugha za mikoani, wanaombwa kuyaleta pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili yafikiriwe kabla ya orodha hii kusanifishwa. Mjane tuliyemtaja hapo juu hatasoma orodha hii. Lakini barua ijayo ya kuwaita wazee ikiandikwa kwa maneno yanayomhusu na yeye, mpimaji atapelekwa hadi mlangoni pake.